Mtu Aliyeachwa Mtaroni na Pete ya Frascati



Dominika iliyopita, tulipokuwa tukisalimiana nje ya kanisa baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa VIWAWA alituuliza swali ambalo tulimwahidi kulijibu katika ukurasa huu. Alikuwa amesoma mahali kwamba wataalamu wa Ulaya, kwa kugonganisha vitu vidogo kuliko atomu, wamekwisha kuipata "chembe ya Mungu", naye alitaka kujua kama Kanisa lina hofu juu ya jambo hilo. Sehemu hiyo ya swali ina jibu fupi. Jina hilo lilienea kutokana na kichwa cha kitabu alichokitoa mwanafizikia Mmarekani Leon Lederman mwaka 1993, na wanafizikia wengi hawalipendi, kama nasi tusivyolipenda. Chembe yenyewe huitwa bosoni ya Higgs. Wataalamu wa CERN, karibu na Geneva, walitangaza tarehe 4 Julai 2012 kwamba wameiona. Atakayetaka kumkuta Muumba ndani ya sumaku atangoja sana. Hofu hatuna.

Kijana yule, hata hivyo, aliongeza swali la pili, ambalo ndilo lililotunyima usingizi: ni nani aliyewaza kwanza kuzigonganisha chembe hizo, na kwa nini? Katika kulitafutia jibu tulikutana na maisha ya mtu mmoja ambaye wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake. Tumeona ni haki tumsimulie.

Bruno Touschek alizaliwa Vienna tarehe 3 Februari 1921. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Austria. Mama yake, aliyefariki mtoto akiwa bado mdogo, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler ilipoimeza Austria, damu ya yule mama aliyekwisha kuzikwa ikawa kosa la mwanawe. Hakuruhusiwa kumaliza masomo katika shule yake, ikambidi afanye mtihani wa mwisho kama mtahiniwa wa nje. Akaingia Chuo Kikuu cha Vienna, na mwaka 1940 akafukuzwa. Walimu wachache wenye moyo walimsaidia kusoma kwa siri na kumpatia njia ya kwenda Ujerumani kwenyewe, Hamburg na Berlin, mahali ambapo hakuna aliyeujua ukoo wake. Ndivyo alivyojificha: katika tumbo la joka.

Huko alikutana na Rolf Wideröe, mhandisi wa Norway aliyezaliwa mwaka 1902, na hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa maana bila huyu simulizi letu halina mguu wa pili. Katika tasnifu yake ya mwaka 1928, akiwa Aachen, Wideröe alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi ya kuziongezea mwendo chembe zenye umeme kwa kuzisukuma hatua kwa hatua katika mstari ulionyooka. (Mashine za mionzi zinazotibu saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam, ni za ukoo wa wazo hilo.) Kisha, katika kiangazi cha mwaka 1943, akiwa likizoni kwao Norway, alijilaza nyasini akitazama mawingu, na mawazo yakamjia juu ya magari mawili yanayogongana uso kwa uso.

Tulieleze wazo hilo polepole, kwa kuwa ndilo msingi wa yote. Lori likigonga baiskeli iliyosimama kando ya barabara, sehemu kubwa ya nguvu za lori haivunji kitu. Inaisukuma tu baiskeli mbele pamoja na lori lenyewe. Lakini malori mawili yenye uzito sawa na mwendo sawa yakikutana uso kwa uso, yote husimama palepale, na nguvu yote ya mwendo huishia katika ule mgongano. Kwa chembe ndogo zinazokwenda karibu na mwendo wa nuru tofauti hiyo ni kubwa kuliko akili inavyotarajia. Kwa mfano, chembe moja mashuhuri ambayo tutaitaja baadaye huzaliwa pale miale miwili inapokutana, kila mmoja ukiwa na nishati ya elektronivolti bilioni 1.55. Kuizaa kwa kurusha mwale mmoja kwenye elektroni zilizotulia kungehitaji mwale wenye nishati mara 6,000 zaidi. Nishati ikishakusanyika hivyo mahali padogo, hugeuka kuwa chembe mpya, kadiri ya ile kanuni ya Einstein ya mwaka 1905. Huko hatuwezi kukuita kuumba, maana kuumba ni kutoa kitu pasipo kitu. Hapa kitu kinabadilika sura tu. Na hata hivyo ni jambo la kustaajabisha.

Wideröe alirudi Hamburg akaomba hataza ya wazo lake. Touschek, kijana wa miaka 22, alipolisikia alimwambia kwamba jambo hilo ni wazi mno, la kiwango cha mtoto wa shule, na halifai kuandikiwa hataza. Wideröe hakupendezwa. Kazi waliyokuwa nayo ilikuwa kutengeneza betatroni, mashine ya kuzungushia elektroni, kwa fedha za wizara ya anga ya Ujerumani. Na ndani ya wizara hiyo walikuwamo waliokuwa wakiota mionzi ya kuua marubani angani. Silaha hiyo haikupatikana kamwe. Kwa nini raia wa Norway alikubali kuwatumikia walioikalia nchi yake? Kaka mtu na mdogo mtu: ndugu yake Viggo, rubani, alikuwa mfungwa wa Wajerumani kwa kosa la kuwasaidia watu kutorokea Uingereza, na Rolf alitumaini kwamba kazi yake ingemletea ndugu huyo nafuu. Baada ya vita serikali ya Norway ilimkamata, ikamchunguza na kumtoza faini. Sisi hatuna haraka ya kumhukumu. Tumeketi katika kiti cha kitubio miaka mingi, na tunajua jinsi mapenzi ya ndugu yanavyoweza kumwingiza mtu katika nyumba asiyoitaka.

Mwezi Machi 1945 polisi wa siri, Gestapo, walimkamata Touschek na kumtia katika gereza la Fuhlsbüttel, Hamburg. Wideröe alimtembelea gerezani. Alimpelekea chakula na sigara, na wakaendelea kuzungumza juu ya kazi. Simulizi lililohifadhiwa na Edoardo Amaldi, mwanafizikia wa Roma aliyeandika maisha yake, linasema kwamba mfungwa alikuwa na kitabu cha Heitler juu ya nadharia ya mionzi, na pambizoni mwake akaandika, kwa wino usioonekana, hesabu za jambo moja: elektroni inapolazimishwa kuzunguka hutoa nuru, na kwa kutoa nuru hupoteza sehemu ya nishati yake na kutulia katika njia yake. Tunaomba msomaji aishike hesabu hiyo, kwa maana tutaikuta tena.

Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 1 Aprili. Kabla mwezi haujafika nusu, jeshi la Waingereza likiwa limekaribia, wafungwa wa Fuhlsbüttel walitolewa watembee kwa miguu hadi kambi ya Kiel, mwendo wa karibu kilomita 90. Touschek alikuwa na homa kali, na alikuwa amebeba furushi la vitabu. Walipokuwa bado pembezoni mwa Hamburg, karibu na Langenhorn, miguu ilikataa, akaanguka kando ya barabara. Askari wa SS alimpiga risasi akamwacha mtaroni, akiamini amekufa. Risasi moja ilikuwa imemjeruhi nyuma ya sikio la kushoto. Nyingine ilipita katika pamba ya koti. Msafara ukaenda zake. Alipookotwa alipelekwa hospitali, akafungwa kidonda, kisha (na hapa tulipofika tulikiweka kitabu mezani tukanyamaza) akarudishwa gerezani, maana karatasi zilisema kwamba yeye ni mfungwa. Alitoka vita vilipokwisha.

Miaka iliyofuata tunaweza kuipitia upesi. Alihitimu Göttingen mwaka 1946, akaenda Glasgow huko Uskoti alikopata shahada ya udaktari mwaka 1949, na mwishoni mwa mwaka 1952 akahamia Roma, mji ambao ndugu wa mama yake, Ada kwa jina, alikuwa akiishi. Wenzake walimfahamu kwa mizaha, kwa ukali wa akili, kwa michoro ya vikaragosi aliyoichora mikutanoni, na, tusifiche, kwa pombe.

Mapadre wengi wa kwetu waliosoma Roma wanaijua Frascati, mji wa vilimani wenye kiti cha askofu, kwa divai yake nyeupe kuliko kwa jambo jingine. Chini ya mji huo Waitalia walikuwa wamejenga maabara, na mwaka 1959 mtambo wao mkubwa wa kuharakisha elektroni ulikuwa umeanza kazi. Tarehe 7 Machi 1960 Touschek alisimama pale mbele ya wenzake akatoa pendekezo. Watu wengine duniani, huko Stanford nchini Marekani na huko Urusi, walikuwa tayari wanajenga mashine za kugonganisha elektroni kwa elektroni, kila mwale ukiwa na pete yake. Yeye alitaka elektroni igongane na positroni.

Positroni ni pacha wa elektroni: uzito uleule, ila chaji yake ni chanya pale ambapo ya elektroni ni hasi. Pacha hao wakikutana huangamizana, wala hakibaki chochote cha elektroni wala cha positroni. Hubaki nishati tupu, iliyo tayari kugeuka kuwa chembe yoyote ambayo maumbile yanaruhusu. Touschek aliliona hilo kuwa swali safi kuliko yote ambayo mtu angeweza kuiuliza maada. Tena pete moja ingetosha. Sumaku inayoipinda elektroni inayokwenda upande huu ndiyo hiyohiyo itakayoipinda positroni inayokwenda upande ule, nazo zitafuata njia ileile zikielekeana. Walipomuuliza ana hakika gani kwamba zitakutana, wala hazitapishana kwa unywele, alijibu kwa kutaja sheria moja ya ulinganifu wa maumbile, inayotaka chembe na pacha wake wawe sawa kabisa katika uzito. Alikuwa ameweka dhamana yake yote juu ya sheria hiyo.

Mkuu wa maabara, Giorgio Salvini, alikubali. Pamoja na Carlo Bernardini, Gianfranco Corazza na Giorgio Ghigo, Touschek alijenga pete ambayo kipenyo chake hakikufika mita 2, ndani ya sumaku yenye uzito wa tani 8 hivi. Waliiita AdA, kifupisho cha maneno ya Kiitaliano yenye maana ya pete ya kukusanyia. Msomaji atakuwa amekwisha kulitambua jina la yule ndugu wa mama yake. Tarehe 27 Februari 1961, hata mwaka haujatimia tangu ile hotuba, elektroni za kwanza zilikaa ndani ya pete hiyo zikizunguka mamilioni ya mara kwa sekunde. Walijuaje kwamba zimo? Kwa nuru. Elektroni iliyopindwa hutoa nuru, kama mfungwa wa Fuhlsbüttel alivyopiga hesabu pambizoni mwa kitabu, na nuru hiyo ilionekana kupitia kidirisha cha pete. Kipimo chake kilishuka kwa ngazi, ngazi moja kwa kila elektroni iliyopotea, hadi ikabaki moja peke yake. Chembe moja, wala si zaidi, ikaonwa na watu kwa nuru yake!

Kazi yenyewe ilikuwa na vichekesho vyake. Mwale wa kuzizalisha chembe ulitoka upande mmoja tu. Basi ili kuingiza positroni baada ya elektroni iliwabidi waigeuze pete nzima juu chini, kama kuku anayechomwa juu ya mti. Kila ilipogeuzwa, mwale uliokwisha kukusanywa ulipotea. Walihangaika mpaka wakagundua kwamba vumbi la chuma lililosalia ndani lilikuwa likianguka katika njia ya chembe. Shida kubwa zaidi ilikuwa uchache: mtambo wa Frascati haukuweza kuwapa chembe za kutosha. Mwezi Julai 1962 waliipakia AdA katika lori na kuisafirisha hadi Orsay, karibu na Paris, kulikokuwa na mtambo wenye nguvu zaidi. Pampu ziliendelea kufanya kazi njia nzima ili hewa isiingie ndani ya pete. Mpakani, afisa wa forodha alitaka kuona ndani kuna nini. Ndani hapakuwa na kitu, na uzuri wa mashine yote ulikuwa katika kutokuwa na kitu kule. Ikabidi wakubwa wa wizara waingilie kati.

Huko Orsay wakaungana na Wafaransa Pierre Marin na Jacques Haïssinski, wakafanya kazi usiku kucha. Usiku mmoja wa mwaka 1963 waliona kwamba kadiri walivyoongeza chembe, ndivyo zilivyozidi kupotea upesi. Matumaini yakaanza kuvunjika. Touschek aliondoka akaenda mgahawani karibu na kituo cha treni, akapiga hesabu, akarudi na jibu: elektroni zilizosongamana katika kundi moja zinapigana vikumbo zenyewe kwa zenyewe na kutupana nje ya njia. Hadi leo jambo hilo huitwa athari ya Touschek, na kila anayejenga pete ya namna hiyo hulazimika kulipigia hesabu. Mwaka 1964 walichapisha ushahidi kwamba elektroni na positroni ndani ya AdA zilikuwa zinagongana kweli. AdA haikugundua chembe mpya hata moja. Ilionyesha tu kwamba njia ipo.

Frascati wakajenga pete kubwa, mzingo wake mita 105, wakaiita ADONE, nayo ikaanza kazi mwaka 1969. Nishati ya miale yake miwili kwa jumla ilipangwa iwe elektronivolti bilioni 3. Kwa nini 3? Wakati wa kupanga hakuna aliyekuwa na sababu ya kusema 3.2. Sasa tazama: tarehe 11 Novemba 1974 makundi mawili ya Marekani, la Burton Richter huko Stanford na la Samuel Ting huko Brookhaven, yalitangaza chembe mpya ambayo hakuna aliyeitazamia, na ambayo ililazimisha dunia kukubali kwamba ipo kwaki ya aina ya nne. Ilikuwa katika nishati ya bilioni 3.1. Habari zilipofika Frascati kwa simu, waliisukuma ADONE kupita kikomo ambacho waliijengea, na katika siku chache wakaiona chembe hiyo waziwazi. Ilikuwa imekaa palepale mlangoni kwa miaka 5. Taarifa yao ilitoka katika toleo lilelile la jarida pamoja na zile za Wamarekani, lakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1976 ilikwenda kwa Richter na Ting. Na mtambo wa Richter ulikuwa pete ya elektroni na positroni, kwa namna ileile ambayo Touschek aliipendekeza Frascati.

Tumejiuliza mara nyingi alilipokeaje jambo hilo mtu ambaye alikuwa amekwisha kufukuzwa shule, kufukuzwa chuo, na kuachwa mtaroni. Afya yake ilikuwa imeharibika, na pombe haikumwacha. Mwaka 1977 alikwenda CERN, na hata akiwa mgonjwa aliendelea kujadiliana na wenzake kuhusu pete ambamo protoni ingekutana na pacha wake. Alifariki Innsbruck, katika nchi yake ya Austria, tarehe 25 Mei 1978, akiwa na umri wa miaka 57. Ile pete ya protoni na pacha wake ilijengwa CERN, na mwaka 1983 ikawapatia kina Carlo Rubbia chembe za W na Z zilizotafutwa muda mrefu. Mwaka 1989 ikafuata LEP, pete ya elektroni na positroni yenye mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi ya Uswisi na Ufaransa. Ilifungwa mwaka 2000, na katika handaki lake ikawekwa ile mashine ya mwaka 2012 ambayo kijana wetu alisoma habari zake.

Wideröe aliishi hadi mwaka 1996. Sehemu kubwa ya maisha yake baada ya vita aliitumia Uswisi akitengeneza betatroni za kutibu wagonjwa wa saratani. AdA imerudi nyumbani. Imewekwa nje katika uwanja wa maabara ya Frascati, chini ya kuba linaloruhusu watu kuiona, na mwenye kupita Roma anaweza kuifikia kwa nusu saa ya treni na mwendo mfupi wa barabara.

Misa ya Jumatano asubuhi juma hili tutaitolea kwa ajili ya wafungwa waliotembezwa kutoka Fuhlsbüttel kwenda Kiel mwezi Aprili 1945, na kwa ajili ya Bruno. Wenye nafasi tunawakaribisha.